Kupeleka 5G na Wi-Fi nyuma ya ghorofa kwa kiakisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Dar inajengwa kwenda juu. Kiwanja kilichokuwa na nyumba ya kawaida na mwembe uani sasa kina ghorofa nane, na jirani aliyezoea kupata mtandao safi dirishani kwake anakuta mnara umefichwa. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa kila mara na wateja, na hata na mafundi wenzangu, kuhusu viakisi: vipande vya bati au alumini vinavyotegwa mahali ili vigeuze mawimbi yaingie kule yasikofika yenyewe. Nayajibu kama ninavyoyajibu nikiwa kazini, na pale panapotaka hesabu nimeweka hesabu.

Kiakisi kinaongeza nguvu ya mtandao?

Hapana. Hakina umeme, hakina saketi, hakina cha kuongeza. Kinafanya kazi ya kioo: mawimbi yanakipiga kutoka upande mmoja, yanaondoka upande wa pili kwa pembe ileile. Kama pale ulipokiweka hapana mawimbi, hakuna cha kurudisha, na bati lako litabaki kuwa bati.

Kwa hiyo mteja akinipigia simu simuulizi ana bati gani. Namuuliza: ni wapi karibu na hapo kwako simu inashika vizuri? Akisema "nikipanda juu ya paa" au "pale kwenye kona ya ukuta wa jirani", tuna la kuzungumza. Akisema "mpaka nitoke nifike barabara kubwa", kiakisi si dawa yake. Atafute antena ya nje ya kupandisha juu ya mlingoti, au abadilishe mtoa huduma.

Mbona zamani 2G ilikuwa inafika kila mahali, hii ya sasa inashindwa kukata kona?

Ni urefu wa wimbi: masafa ya chini, kama yale ya 2G, yana wimbi refu, na ya juu yana wimbi fupi. Masafa ya megahezi 700 yana wimbi la sentimita 43 hivi. Gigahezi 3.5, ambayo ni ya 5G, ina wimbi la sentimita 8.6. Wi-Fi ya gigahezi 5.8 ni sentimita 5 na kidogo. Ukienda gigahezi 28, ambako nchi nyingine wameshafika, wimbi ni milimita 11 tu.

Wimbi refu likifika kwenye ukingo wa jengo hujipinda, likamwagika nyuma yake. Fupi halipindi kiasi hicho. Linapita moja kwa moja na kuacha kivuli kikali. Tena fupi linachoka haraka kwenye zege, kwenye tofali za saruji, kwenye majani ya mwembe, na zaidi kwenye vile vioo vya rangi vyenye utando wa chuma vinavyovishwa maghorofa ya Posta na Masaki. Vioo hivyo kwa gigahezi 28 vinaweza kula desibeli 20 mpaka 40. Kumbuka kupoteza desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu, na 20 ni kubaki na moja ya mia.

Ila ufupi huohuo unaoleta taabu ndio unaofanya kiakisi kiwe na maana. Ukubwa wa kioo cha mawimbi hupimwa kwa urefu wa wimbi lenyewe. Bati la futi nane kwa nne ni dogo mbele ya wimbi la sentimita 43, lakini ni uwanja mzima mbele ya wimbi la milimita 11.

5G ya hapa Dar iko kwenye masafa gani?

Mnada wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wa Oktoba 2022 ulihusu bendi za megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye wimbi fupi la milimita kama lile la gigahezi 28. Video za nje zinazoonyesha kiganja cha mkono kikikata 5G zinahusu gigahezi 24 kwenda juu, usizitumie kuhukumu ruta yako ya Tabata. Majibu yangu mengi hapa ni ya gigahezi 2.3 mpaka 5.8, kwa sababu ndiyo tunayogombana nayo kila siku. Pale ninapogusa 28 au 60 nitasema.

Hiki kitu ni kipya, au ni ujanja wa mafundi wa mtaani?

Si kipya hata kidogo. Tangu miaka ya 1950, kampuni za simu na umeme za Marekani zilisimamisha mabango makubwa ya alumini milimani ili kupitisha mawimbi ya maikrowevu kutoka bonde moja hadi jingine bila kupeleka umeme kileleni. Agosti 1960 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, likarusha Echo 1, puto lenye kipenyo cha mita 30 hivi lililopakwa chuma, likazunguka dunia likirudisha mawimbi ya redio chini. Halikuwa na mtambo wa kuongeza nguvu ya mawimbi hayo. Na mwaka 2018 huko Tokyo, DOCOMO na Metawave walijaribu kiakisi maalumu kwa 5G ya gigahezi 28: mahali pasipoonana na antena, kasi ilitoka megabiti 60 kwa sekunde ikafika 560.

Kabla sijanunua bati, nianze na nini?

Hamisha ruta. Nasema hivi nikijua kwamba inaninyima kazi. Nyumba nyingi ninazoitwa, ruta imewekwa kwenye kabati la TV, nyuma ya TV yenyewe, kwenye ukuta ulio mbali kabisa na mnara. TV bapa ina karatasi kubwa ya chuma mgongoni. Toa ruta hapo, ipeleke dirisha kwa dirisha, na kila dirisha soma namba, usitazame vijiti.

Namba utazikuta kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, au kwenye simu ya Android ukiingia sehemu ya hali ya SIM. Inayoitwa RSRP ndiyo nguvu ya mawimbi, na imeandikwa kwa hasi: −80 ni nzuri sana, −100 inavumilika, −115 unakaribia kukatika. SINR ni usafi wake. Ikiwa juu ya 15 uko vizuri, ikishuka karibu na sifuri utaona vijiti vimejaa na video haifunguki.

Kama kuna dirisha lenye −90 na chumba unachokitaka kina −112, peleka ruta kwenye lile dirisha na uvute waya wa mtandao mpaka chumbani. Waya wa mita 20 utakishinda kiakisi chochote. Kiakisi kinaingia pale ambapo madirisha yote ni mabovu, lakini kuna sehemu ya nje, mbele ya macho yako, inayopata mawimbi mazuri.

Nikiweke wapi?

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Sharti la kwanza: kutoka pale kiakisi kitakapokaa, uone mnara na uone dirisha lako. Vyote viwili. Kikikosa kimoja, usitoboe ukuta wa mtu.

Sharti la pili watu wengi hawalitegemei. Kiakisi kidogo kikikaa katikati ya mnara na nyumba ndipo kinapopoteza zaidi. Hasara inafuata kuzidisha umbali wa pande mbili, halafu unapiga mraba. Chukua njia ya mita 240. Katikati ni 120 mara 120, yaani 14,400. Ukikisogeza mpaka mita 10 kutoka kwako ni 230 mara 10, yaani 2,300. Tofauti ni mara sita na ushee, na ukipiga mraba inakuwa karibu mara 39, sawa na desibeli 16. Hiyo ni tofauti ya kucheza na kutocheza kwa video, na hujaongeza hata shilingi kwenye bati. Kwa hiyo weka karibu na wewe, kwa kuwa karibu na mnara hutaruhusiwa.

Sharti la tatu ni pembe. Simama pale pa kuweka kiakisi, nyoosha mkono mmoja kuelekea mnara na mwingine kuelekea dirisha. Mikono ikiwa imekaribiana, chini ya digrii 90, umepata mahali pazuri. Ikifungukia digrii 120, bati linaonekana na mawimbi nusu tu ya ukubwa wake. Ikifika 150, umebaki na robo, kwa sababu bati limewapa mawimbi ubavu. Hali hiyo ikikubana, tumia mabati mawili yanayopokezana, au dishi mbili zilizounganishwa mgongo kwa mgongo kwa kebo fupi nene. Dishi hizo nazo hazihitaji umeme.

Kwa mitaa ya chini kama Sinza au Magomeni, mahali panapofaa mara nyingi ni ukuta wa jirani wa ng'ambo ya uchochoro, juu ya usawa wa paa lako. Kwa wanaokaa mabondeni Goba na Makongo ni mteremko wa upande wa pili. Kariakoo ni kizungumkuti: majengo yamebanana, mawimbi tayari yanadunda kila upande, na mara nyingi utakuta kuna ukuta wa vioo unaokufanyia kazi bure. Kabla ya kununua chochote zunguka na simu ukisoma namba. Ukiona sehemu namba inapanda ghafla huku mnara huuoni, geuka utafute kinachorudisha. Huenda ni vioo vya ghorofa la mbele.

Simtanki la plastiki halirudishi mawimbi, na likijaa maji linayazuia. Mabango ya matangazo ya turubai nayo usiyahesabu, ila yenye mgongo wa bati yanaweza kukusaidia au kukuharibia, kutegemea yametazama wapi.

Kiwe na ukubwa gani?

Tuchukue mfano ninaoukuta sana: mnara uko mita 400, kiakisi kiko mita 15 kutoka dirishani, mawimbi yanapinda kona ya digrii 90, masafa ni gigahezi 3.5.

Bati zima la futi nane kwa nne, ambalo ni karibu mita za mraba 3, linatosha kufanya kazi ya kioo kamili. Mawimbi yanafika dirishani kama vile mnara uko mita 415 na hakuna jengo katikati. Kuongeza bati la pili pembeni hapo hakukuletei cha maana, kwa hiyo usikubali fundi akuuzie mawili.

Kipande cha sentimita 60 kwa 80, kwa njia hiyohiyo, kinapoteza kama desibeli 11. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa, lakini angalia unalinganisha na nini. Ghorofa la zege lililosimama katikati linaweza kula desibeli 25 au zaidi. Ukipoteza 11 badala ya 25, umepata 14.

Sasa sogeza dirisha liwe mita 100 kutoka kwenye kiakisi. Lile bati zima nalo linaanza kupoteza kama desibeli 10. Bado linaweza kufaa, ila hapo ndipo kila sentimita inapohesabika: ukiongeza eneo mara mbili unapata desibeli 6. Kanuni hiyo ya desibeli 6 inafanya kazi mpaka bati lifikie kiwango cha kioo kamili, kisha inakoma.

Na kwa megahezi 700? Bati hilo kwa mita 15 linapoteza karibu desibeli 10, lakini mawimbi yenyewe ya 700 yanajipinda na kukufikia bila msaada. Huhitaji.

Bati lipi? Nina mabaki ya kuezekea.

Mabaki ya msauzi au ya migongo midogo yaache kwenye paa. Kinachotakiwa ni uso bapa. Kipimo cha haraka: mabonde na migongo yasizidi sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi. Kwa gigahezi 3.5 ni milimita 10 hivi, kwa 5.8 ni milimita 6, kwa 28 ni milimita moja na robo. Bati la kawaida la migongo lina kina cha karibu milimita 17 au 18, kwa hiyo linatawanya mawimbi huku na kule badala ya kuyaelekeza. Kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4 linakaribia kuvumilika, lakini bado silipendi.

Nunua bati lisilo na migongo, lile mafundi wa Gerezani wanaita pleni shiti, au shiti ya alumini. Unene hauna uhusiano na mawimbi: kwenye gigahezi 5 mawimbi yanaingia ndani ya alumini kwa kina cha karibu maikromita moja tu, na hata foili ya jikoni ni nene kuliko hapo mara nyingi. Unene unaulipia kwa ajili ya upepo na ili bati lisijikunje. Ukipata bodi ya plastiki iliyovishwa alumini pande mbili, zile zinazotumika kwenye mabango ya maduka, ni nzuri kuliko zote: nyepesi, imenyooka, haishiki kutu. Utando wake ni mwembamba ila unatosha.

Wavu wa chuma pia unafaa, na unapitisha upepo. Matundu yasizidi sehemu moja ya kumi ya wimbi, yaani milimita 8 kwa 3.5 na milimita 5 kwa 5.8. Wavu wa kuku wa inchi moja ni mpana mno. Wavu wa mbu wa alumini unafaa sana, lakini hakikisha ni wa alumini. Wa nailoni au faiba, ambao ndio uko kwenye madirisha mengi, mawimbi hayauoni.

Nalitegaje? Nimeligeuzageuza nimechoka.

Usiligeuzegeuze. Tumia macho kwanza, kisha namba.

Chukua kioo kidogo bapa cha kujitazamia, kibandike katikati ya bati kwa gundi ya utepe, kilale sawasawa bila kuinama. Wewe au msaidizi mmoja akae pale ruta au antena itakapokuwa. Mwingine awe kwenye bati, alegeze nati, aligeuze polepole mpaka aliye dirishani auone mnara ndani ya kioo. Nyumba ikiwa mbali tumia kamera ya simu na uivute karibu. Goba niliwahi kuongozwa na mama mtu mzima aliyekaa dirishani na darubini ya mumewe huku mimi niko ukutani kwa jirani. "Mwanangu, mnara nauona, ila hauna kichwa." Nikalilaza bati nyuma kidogo. "Haya, kichwa kimekuja, sasa miguu imepotea." Hapo ndipo tunapotaka, maana antena ziko kichwani.

Uwe mpole, kwa sababu kila digrii moja unayolizungusha bati, mawimbi yanahama digrii mbili. Kwa mita 40 hizo digrii mbili ni mita 1.4 dirishani. Na upana wa mawimbi yanayotoka kwenye bati la mita 1.2 kwa gigahezi 5.8 ni digrii 2.5 tu, sawa na mita 1.7 pale dirishani. Umeona jinsi ilivyo rahisi kukosa.

Ukishaona mnara, kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, huku mwenzako anaendelea kutazama. Kukaza kunavuta bati. Nati ikikazwa upande mmoja kwa pupa picha yote inahama. Baada ya hapo toa kioo, washa ruta, soma RSRP. Ukisogeza bati subiri sekunde kadhaa kabla ya kusoma tena, namba za ruta huchelewa. Dira ya simu usiiamini ukiwa karibu na bati la chuma.

Bapa au la kupinda?

Bapa kama unalenga antena moja au dirisha moja. La kupinda kwa nje, kama tumbo, ikiwa unataka kumwagia uchochoro mzima au ua wa wapangaji kadhaa. Ujue tu kwamba nguvu ileile inagawanywa: kila ukipanua eneo mara mbili, kila mmoja anapata nusu. Sipendekezi la kupinda likiwa mbali zaidi ya mita 20 au 30. Na kamwe usipinde kwa kukisia mtaani kwa nyundo; zungushia bati kwenye pipa ili mpindo uwe sawa.

Foili ya jikoni nyuma ya ruta inasaidia kweli?

Inasaidia upande mmoja na kuharibu mwingine. Foili iliyobandikwa kwenye boksi gumu na kusimamishwa nyuma ya ruta inaelekeza Wi-Fi mbele na kupunguza inayovuja kwa jirani nyuma. Watafiti wa chuo cha Dartmouth huko Marekani walichapisha mwaka 2017 kazi ya viakisi vya ruta vilivyochongwa kwa mashine ya kuchapa maumbo, na walionyesha kwamba unaweza kupanga chumba gani kipate na kipi kikose. Ila kama ruta yako ni ya laini ya simu, angalia foili isikae upande wa mnara. Nimeikuta hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Masika italivuruga?

Kwa gigahezi 2.3 mpaka 5.8, mvua ya Dar si tatizo kwa umbali wa mtaani. Kinachoonekana kuharibika wakati wa masika ni majani: mwembe uliolowa kati yako na kiakisi unakula zaidi kuliko mkavu. Kata tawi.

Masafa ya juu ni habari nyingine. Gigahezi 28 katika mvua ya milimita 50 kwa saa hupoteza karibu desibeli 9 kwa kila kilomita, na mvua ya milimita 100 kwa saa inafikisha karibu 18. Viunganishi vya gigahezi 60 vina shida ya ziada: oksijeni yenyewe hewani inakula kama desibeli 15 kwa kilomita, hata jua likiwa kali. Kwa njia ya mita 200 vyote hivyo vinavumilika.

Na upepo?

Upepo uheshimu kuliko mvua. Bati zima la futi nane kwa nne likipigwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa linasukumwa kwa nguvu ya karibu uzito wa kilo 60. Ukifika kilomita 100 kwa saa ni karibu kilo 160. Misumari miwili na waya wa kufungia haviwezi. Fremu ya skwea paipu, boliti za kupanuka ndani ya zege (si ndani ya tofali tupu), na mikono miwili ya kuegemeza nyuma, hicho ndicho kima cha chini. Ukiwa kwenye mlingoti wazi juu ya paa, chukua wavu au punguza ukubwa. Na uunge athi (waya wa kwenda ardhini), kwa sababu umepandisha chuma juu ya nyumba ya watu.

Kwa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach kuna chumvi. Chukua alumini, na kati ya alumini na boliti ya chuma weka washa ya plastiki, la sivyo alumini italika palepale inapogusana na chuma. Kutu jepesi juu ya bati la chuma halizuii mawimbi. Hatari yake ni fremu kulegea.

Naweza kulipaka rangi? Mwenye nyumba hataki kuona bati.

Paka. Rangi ya kawaida ya mafuta haina shida kwa masafa haya. Kwa alumini inayong'aa ningekuomba upake hata kama mwenye nyumba hajasema, isije ikammulika jua dereva au jirani. Rangi isiyong'aa, ya ukuta wenyewe.

Kiafya ni salama? Jirani analalamika "mnaelekeza mionzi kwetu".

Kiakisi hakitengenezi nishati. Kinachotoka hakizidi kilichoingia, na kilichoingia ni mawimbi yaliyokuwa yanampita jirani huyohuyo tangu mnara uwashwe. Simu iliyo mkononi mwake, ikihangaika kutafuta mnara wa mbali, inamrushia zaidi. Mweleze kwa upole, umuonyeshe kwamba bati halina waya wowote wa umeme. Wengi wakishaona hakuna umeme hutulia.

Nahitaji kibali cha TCRA?

Kipande cha bati hakirushi mawimbi yake, si kifaa cha redio. Vipaza mawimbi vyenye umeme, vile vinavyouzwa kwa jina la busta, ndivyo vyenye kesi: vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa, na busta mbovu inaweza kupiga kelele kwenye masafa ya mnara mpaka mtaa mzima ukakosa mtandao. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kupenda bati.

Kibali unachohitaji ni cha mwenye ukuta, kwa maandishi. Usilifunge kwenye nguzo ya umeme wala kwenye mnara wa simu. Na ukiwa Kipawa, Vingunguti au popote karibu na uwanja wa ndege, usisimamishe mlingoti mrefu kabla ya kuwauliza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Nimeweka, vijiti vimejaa, lakini kasi imeshuka. Kwa nini?

Angalia SINR. Yaelekea bati limekuletea mnara wa pili pamoja na wa kwanza, na wote wawili wanasema kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale. Geuza bati digrii moja au mbili mpaka SINR ipande, hata kama RSRP itashuka kidogo. Kati ya mnara mmoja wa −95 ulio safi na −85 yenye kelele, chukua wa −95. Sababu nyingine ni kwamba mnara wenyewe umejaa watu. Pima saa kumi alfajiri. Kasi ikiwa nzuri saa hiyo na mbaya saa mbili usiku, bati halina kosa.

Nisubiri zile "nyuso janja" zinazojigeuza zenyewe?

Ni paneli zenye vipande vidogo vingi vinavyobadilishwa kwa umeme kidogo ili zielekeze mawimbi bila kuzungushwa. Shirika la viwango la Ulaya, ETSI, liliunda kikundi cha kuzishughulikia mwaka 2021, na zinatajwa sana kwenye mazungumzo ya 6G. Kwa stesheni au uwanja wa mpira, ambako watu wanahama kila dakika, nazielewa. Kwa dirisha lako la Ubungo ambalo haliendi popote, bati linatosha.

Kilikuwa kinafanya kazi vizuri, sasa kimeacha. Nianzie wapi kutafuta?

Anza na kioo kilekile: kibandike tena, tazama kutoka dirishani. Mnara haupo kwenye kioo? Fremu imesogea, na mara nyingi ni nati ya chini iliyolegezwa na upepo wa kusi. Mnara upo lakini umekatwa na kitu kipya? Ni tawi, tanki, au jirani ameongeza ghorofa. Mnara upo mzima na namba bado ni mbovu? Angalia kama bati limebonyea katikati, weka rula ndefu juu yake uone mwanga unaopita chini. Kama limenyooka, mpigie mtoa huduma uulize kama wamebadilisha mwelekeo wa antena au bendi. Hufanya hivyo bila kutangaza, na hapo itabidi uanze kutega upya kuelekea mnara mwingine.